Daftari la Alhamisi

Alhamisi, saa tatu kasoro, ukumbi wa Maringo
unanukia uji wa wimbi na mafuta ya kuchua.
Viti vya plastiki vimepangwa duara.
Kimoja kina mguu mfupi; hicho ni changu,
tumezoeana, tunayumba pamoja.

Nilikuja kwa ajili ya uji. Sasa naweza kusema.
Watoto niliwaambia kwa simu: naenda mkutanoni.
Mkutano! Mikono juu, mikono chini,
vuta pumzi, toa,
zungusha kiganja kama anayekoroga chai,
na Kerubo, mhudumu wa afya, akituhesabia
kwa sauti ya mtu anayevusha watoto barabara.
Goti langu likalia ta! La Mbithe likajibu.
Tulicheka hadi mashine ya presha ikakataa kutupima.

Huyo Mbithe. Miaka arobaini amefua nguo za watu,
Pangani, Buruburu, Eastleigh, kwa sabuni ya mche.
Siku ya kuandikishwa pesa za wazee
aliweka kidole kwenye kioo. Mashine ikasema hapana.
Cha pili, hapana. Hadi cha kumi.
"Mama," karani akasema, "huna alama."
Akavitazama vidole vyake
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Alama ninazo. Ziko kwenye mashati ya watu."

Miezi mitano tulifuatilia, mimi kwa barua
(thelathini na mmoja ni miaka niliyopanga barua za posta,
kazi nyingine siijui),
Halake kwa bakora yake na subira ya askari wa lango.
Ofisi ya chifu. Dirisha la pili. Rudini Jumatatu.
Hazikuja zote. Kwa zilizokuja
Mbithe alinunua nusu kilo ya nyama, na miwani,
akanuna wiki nzima
kwa sababu miwani ilimwonyesha sakafu yake.

Lakini nilichotaka kuandika ni daftari.
Jalada jeusi, kona zimeliwa.
Kerubo anaita majina kwa alfabeti,
na hapa hakuna anayeitika "nipo" tupu:
"Nipo, na mgongo."
"Nipo, nimelala vizuri."
"Nipo, mwanangu hajapiga."
Halake kila wiki: "Nipo kiasi."
Jina lisipoitikiwa, nafasi inaachwa wazi.
Watu wawili wanainuka, wanavaa makoti, wanatoka.

Julai ile ya baridi,
ukungu umelalia mabati hadi adhuhuri,
nilikaa kitandani siku mbili.
Sikuwa mgonjwa. Sikuwa tu na sababu ya kuvaa soksi.
Redio ilikuwa ikizungumza na ukuta.
Kengele ya shule ikalia saa nne,
nikajua wamefika kwenye S,
nikausikia, kutoka huku, ule ukimya baada ya Shisanya.

Kisha mlango. Si hodi ya adabu,
ni kichwa cha bakora: ngo! ngo! ngo!
"Shisanya! Kama umekufa, sema!"
Nyuma ya Halake, Mbithe,
chupa ya uji imefungwa kwa leso,
miwani imejaa mvuke, haoni kitu,
anapapasa ukuta, anapapasa meza,
anafika kwenye paji la uso wangu
kwa kidole kile kile mashine ilichokikana.

Nilitafuta neno kubwa la kusema. Nikasema,
"Uji umepoa."
"Umepoa njiani. Kwako mbali. Kunywa."

Halake akaketi ukingoni mwa kitanda,
akafungua koti, na kutoka kwapani
akalitoa daftari, kalamu ndani yake.
"Kerubo kasema tusirudi na nafasi wazi."
Akakohoa, akanyoosha mgongo, akaita
kana kwamba ukumbi mzima unasikia:
"Shisanya."

"Nipo," nikasema.
Wakangoja.

"Na soksi moja."